Nimerudi Kwetu, Naulizwa Nilikuwa Wapi



Mwezi huu vijana watatu wameniuliza swali moja, na hawajuani. Mmoja ametoka Riyadh, mmoja Dubai, mmoja Doha kama mimi. Wote mkataba uliisha wakarudi Mombasa, na wote wameniambia maneno yanayofanana: "Hapa ni kwetu, lakini sisikii kama ni kwetu. Ni mimi nimeharibika ama ni mtaa?"

Nimewajibu mmoja mmoja kwa mdomo. Lakini najua ukurasa huu unasomwa na wengi walioko Ghuba saa hii, wamelala kambini, wanahesabu siku. Na unasomwa na wengine washarudi, wamejifungia chumbani, mama akiulizwa anasema mwanangu bado ana uchovu wa safari. Uchovu gani wa miezi mitatu? Basi wacha niandike.

Mimi nilikaa Doha miaka miwili, kuanzia 2021 mpaka mwanzo wa 2023, nikifanya kazi ya ulinzi. Nilikuwako wakati wa Kombe la Dunia. Hapana, sikuingia uwanjani hata siku moja. Nilisimama kwenye mlango wa jumba la maduka masaa 12 kwa siku, mabao nikiyasikia kwenye simu ya mwenzangu wa Nepal.

Ukienda Ghuba watu wanakuandaa. Ajenti anakuelekeza, shangazi anakutia hirizi ya maneno, rafiki aliyetangulia anakwambia beba hiki usibebe kile. Kwa wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani kuna mpaka mafunzo ya kabla ya safari, mtu anafundishwa kutumia mashine ya kufulia na kusema maneno machache ya Kiarabu. Kurudi je? Kurudi hakuna somo. Kila mtu anadhani kurudi ni kushuka ndege, kukumbatiwa, kula biriani, kisha maisha yanaendelea pale ulipoyaachia.

Nilipokuwa nikisoma diploma nilikutana na majina ya Wamarekani wawili, John na Jeanne Gullahorn, walioandika mwaka 1963 juu ya wenzao waliokwenda kusoma na kufundisha nchi za nje. Walisema mtu hushtuka mara mbili: mara ya kwanza akifika ugenini, mara ya pili akirudi kwao. Mimi naongeza tu kwamba ile ya pili ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu hukuitarajia, na ukiisema watu wanakucheka.

Na kuna ya kuchekesha, sikatai. Siku ya pili nilisimama ukingoni mwa barabara pale Buxton nikingoja magari yanipishe nivuke. Nikangoja, nikangoja. Mama mmoja mwenye kikapu cha marikiti akanitazama, akanishika mkono akanivusha kama mtoto wa chekechea. "Mwanangu, hapa huvuki kwa kungoja." Joto nalo likanishinda kulala, mimi niliyetoka Doha ambako kiangazi hufika nyuzi 45. Tofauti ni kwamba kule joto linakungoja nje, ndani pana AC. Kisauni linaingia ndani mnalala nalo. Nikawa nasema "khalas" na "yalla" bila kujua, wenzangu wa maskani wakanibatiza Mwarabu wa Kisauni. Hayo yanapita. Mwezi mmoja umezoea, umerudi kuruka matatu ikienda.

La msikitini nalisema kwa aibu. Mimi kule sikusoma hata mlango mmoja wa kitabu. Nililinda mlango. Lakini nilirudi nikamfuata imamu wetu, mzee aliyenifundisha alif na be, nikaanza kumweleza jinsi "wenyewe" wanavyofanya na jinsi sisi tunavyokosea. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huko ulikuwa darasani ama getini?" Wallahi sikuwa na jibu. Nawaambia nyinyi mnaorudi mkiwa na mizani ya kuwapima wazee wa msikiti: subirini kwanza miezi sita.

Tuje kwenye pesa, manake hapa ndipo nyumba nyingi zinapovunjika.

Benki Kuu yetu inahesabu pesa zinazotumwa na Wakenya walioko nje. Mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5. Marekani ndiyo inayoongoza, na Saudi Arabia imo katika nchi zinazofuata. Hizo bilioni ukizigawa zinakuwa ni karo, ni dawa ya sukari ya nyanya, ni mabati, ni deni la duka. Mimi nilikuwa nikituma kila mwezi, na kichwani nilikuwa najenga nyumba. Nilirudi nikakuta hakuna nyumba. Nilikasirika, nikamsemesha mamangu maneno ambayo mpaka leo namuomba radhi. Akaenda chumbani akaleta daftari. Kila shilingi imeandikwa. Ndugu yangu wa kike amemaliza fomu four. Nyanya ameishi miaka miwili zaidi ya walivyosema hospitalini. Hakuna aliyeniibia. Ni mimi niliyekuwa nikituma pesa ya unga huku nikiota pesa ya saruji.

Wako walioibiwa kweli, hilo najua. Wako walionunuliwa shamba lisilokuwako, na aliyewanunulia ni ami yao wa damu. Lakini wengi wetu kisa chetu ni kama changu, na hasira tunazomwagia watu wa nyumbani zilistahili kwenda mahali pengine.

Mpaka hapa nadhani kila aliyekwenda nje, awe Mkristo awe Mwislamu, awe wa Mombasa ama wa Kisii, ananielewa. Ninalotaka kusema hasa linaanza sasa.

Wiki ya tatu baada ya kurudi, tumeshasali Isha, tumekaa maskani vijana sita. Kahawa iko kati, mazungumzo ni mpira. Gari likasimama. Kabla ya mtu yeyote kusema neno, wenzangu watano walisimama, wakageukia ukuta, wakainua mikono. Hawakuambiwa. Hawakuangaliana. Mmoja aliweka kikombe chake chini taratibu, pembeni, kisipigwe teke. Mimi nilibaki nimekaa, kahawa mkononi, nashangaa.

Kilichonishtua hakikuwa lile gari. Gari la polisi nimelijua tangu mtoto. Kilichonishtua ni kile kikombe kuwekwa pembeni. Mtu anajua mpaka pa kuweka kikombe! Na nikakumbuka kwamba kabla sijaondoka na mimi nilikuwa nikifanya hivyo hivyo. Miaka miwili ya kukosekana ndiyo iliyonifanya nione.

"Wewe kipande iko wapi?"

Kitambulisho changu kilikuwa kimepotea Doha. Nilikuwa na karatasi ya kusubiri kingine na nakala ya pasipoti. Nikatoa. Afande akafunua, akamulika tochi.

"Qatar. Ulikuwa unafanya nini Uarabuni?"

"Kazi, afande. Ulinzi."

"Kwa hivyo wewe ni returnee."

Wenzangu pale ukutani nikaona mabega yao yamekaza. Msomaji wa bara pengine hili neno halimwambii kitu. Kwa Kiingereza ni mtu aliyerudi, basi. Lakini kijana wa Pwani analijua. Aprili 2015, siku chache baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa ambapo watu 148 waliuawa, Waziri wa Usalama wa Ndani wakati ule, marehemu Joseph Nkaissery, alitangaza msamaha kwa vijana waliokuwa wamekwenda Somalia wakarudi, wajisalimishe. Kutoka hapo neno hilo likawa lao. Likaingia kwenye vyombo vya habari, kwenye semina za mahoteli, kwenye orodha. Na ukishaitwa hivyo unakuwa kati ya meno mawili: wale uliowakimbia wanakuita msaliti, na hawa uliowarudia wanakuita mshukiwa. Mwaka 2016 shirika la Haki Africa lilitoa ripoti iliyoorodhesha watu 81 wa Pwani waliouawa ama kupotezwa tangu 2012, wengi wao vijana wa Kiislamu. Sisemi wote 81 walikuwa wametoka nje. Nasema hilo ndilo giza ambalo neno hili lilikulia ndani yake.

Basi mimi, mlinda mlango, niliyesimamia miguu miaka miwili nipate karo ya dada yangu, nikabatizwa jina hilo barabarani.

Nilichukuliwa. Nililala kituoni. Kituo sikitaji, na sababu ya kuchukuliwa sikuambiwa usiku ule wala asubuhi. Simu ilichukuliwa ikafunguliwa, zikaangaliwa picha. Kuna picha ya Idd nimevaa kanzu nyeupe na kilemba cha Kiarabu, tumepiga na wenzangu, Mganda mmoja na Mghana mmoja. Hiyo ndiyo iliyoulizwa zaidi. Hawa ni nani? Msikiti gani? Nani alikulipia tiketi? Saa tatu asubuhi nikaambiwa nenda. Hakuna kesi, hakuna jina langu kwenye OB. Na mimi nikasema, "Asante sana afande, samahani kwa usumbufu."

Nilifika mlangoni mwa nyumba ndipo nikajisikia nilivyosema. Samahani kwa usumbufu!

Hayo maneno niliyajifunza Doha. Kule mimi nilikuwa mgeni, na nilijua mimi ni mgeni. Sitaki mtu anielewe vibaya, wapo wanaorudi wakisifu Ghuba kama pepo: barabara safi, umeme haupotei, adhana kila pembe. Yote ni kweli. Lakini ule utaratibu haukuwekwa kwa ajili yetu tuliokuwa tukiulinda. Mwaka 2020 Qatar ilibadilisha sheria mfanyakazi aweze kuhama kazi bila ruhusa ya mwajiri, na kuanzia Machi 2021 kima cha chini cha mshahara kikawa riyali 1,000. Kwenye karatasi mambo yalikuwa mazuri. Kambini mambo yalikuwa ya kambini. Sheria yao haimruhusu mgeni kuunda chama cha wafanyakazi. Na Mkenya mwenzetu, Malcolm Bidali, mlinzi kama mimi, alikamatwa Mei 2021 baada ya kuandika mtandaoni juu ya maisha ya wafanyakazi wahamiaji. Alizuiliwa karibu mwezi mzima, kisha akatozwa faini. Mimi nilipofika kisa chake kilikuwa bado kinanong'onwa vyumbani. Tukajifunza sote. Kitambulisho kila wakati mfukoni, macho chini, "yes sir", "sorry sir", unangoja mwezi uishe.

Mgeni anaishi hivyo kwa sababu anajua kuna siku ataondoka aende kwao. Huo ndio uvumilivu wake wote, kwamba kuna kwao.

Sasa mimi nimeshafika kwetu, naishi vile vile. Na wenzangu ambao hawajawahi kupanda ndege, ambao pasipoti wameziona kwenye picha tu, wanaishi hivyo tangu wazaliwe. Nilipowaeleza siku ya pili kwamba imeniuma, mmoja akaniambia, "Utazoea tena." Alikuwa ananifariji, wallahi, alikuwa na nia njema. Mwengine akaniuliza kwa nini sikukimbilia ndani mapema.

Najua wako watakaosema: polisi wana kazi, watu wamekufa. Ni kweli, watu wamekufa, na sisi wa Pwani hatuhitaji kufundishwa uchungu huo, tumezika. Lakini nifikirie mimi hapo. Nimepita uhamiaji pale uwanja wa ndege wa Moi, pasipoti imegongwa muhuri, alama za vidole vyangu serikali inazo. Nilikotoka, lini, kwa ndege gani, yote yako kwenye kompyuta yao. Kama ni kutaka kujua nilikuwa wapi, jibu wanalo kabla sijafika nyumbani. Kuniuliza usiku ukutani, mbele ya watoto wa mtaa, kunatafuta kitu kingine.

Na Katiba yetu ya 2010 haikunyamaza. Kifungu cha 39 kinasema kila mtu ana haki ya kutoka Kenya, na kila raia ana haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote Kenya. Hakikuongeza "isipokuwa aliyetoka Uarabuni". Kifungu cha 12 kinampa raia haki ya pasipoti na hati za usajili, kwa hivyo kitambulisho huombi kama sadaka. Kifungu cha 49 kinasema ukikamatwa uambiwe mara moja, kwa lugha unayoielewa, kwa nini umekamatwa. Una haki ya kunyamaza, una haki ya kuwasiliana na wakili na mtu mwengine unayemhitaji, na ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Mimi haya nilikuwa nayajua kwa kichwa siku ile. Niliyasomea mtihani. Mdomo ndio uliokataa kuyasema, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa bado uko Doha.

Ndiyo nikawa nawaambia hawa vijana watatu: huo mshtuko unaousikia usiukimbilie kuuzima. Macho yako saa hii ni mapya. Kuna vitu unaviona ambavyo sisi tuliokaa tumeacha kuviona. Unaona kwamba kitambulisho cha kijana wa Kisii kinatoka lakini chako unaambiwa ulete cheti cha babu. Kwa kaunti za mpakani Rais Ruto alitangaza akiwa Wajir, Februari 2025, kwamba ule mchujo wa ziada umekwisha. Sawa, tangazo tumelisikia, sasa tunaangalia mezani kwa karani. Unaona dada yako anaambiwa avue hijabu apigwe picha ya kazi. Unaona tumekaa foleni tumenyamaza. Viandike. Kwenye simu, kwenye daftari, tarehe na mahali. Baada ya miezi mitatu utakuwa umezoea kama sisi, na kikombe chako utajua pa kukiweka.

Nimesema sana juu ya serikali. Mtaa nao una lake, na hapa nawageukia dada zetu, kwa sababu sisi wanaume kisa chetu ni chepesi mbele ya chao.

Kuna jirani yetu alikaa Saudia miaka sita, mikataba mitatu, kazi za nyumbani. Aliondoka mtoto wake ananyonya. Alirudi mtoto yuko darasa la pili, anamwita bibi yake "mama", yeye anamwita "anti". Usiku mtoto analia anataka kulala kwa mamake, na mamake ndiye aliyekaa hapo kitandani amemshika. Nataka kila anayetaja neno "kadama" kwa kicheko aikae hiyo picha dakika moja.

Alirudi na begi moja. Mtaa ukaanza kazi yake. Mbona hana kitu? Miaka sita! Lazima alikuwa "Kemboi", alitoroka kwa kafili, nani ajuaye alikuwa akiishi na nani. Na huyo mwengine aliyerudi na mtoto mkononi ndio usiseme, yeye hakupewa hata nafasi ya kuweka begi chini. Dada zetu wanarudi kutoka nyumba ambazo simu zilichukuliwa, pasipoti zilichukuliwa, usingizi ulikuwa masaa manne, halafu wanatua mikononi mwetu sisi ndugu zao katika dini, na jambo la kwanza tunalofanya ni kuwapekua. Sisi pia tunauliza: ulikuwa wapi? Na nani? Umekuja na nini? Hatuna tochi wala gari, lakini maswali ni yale yale.

Na mimi nimo. Siku niliposikia jirani yetu amerudi, nilikuwa hapo barazani wakati maneno yanasemwa. Nilicheka pamoja nao. Sikuwa nimeshikwa bado, hiyo ilikuwa wiki ya kwanza, nilikuwa bado Mwarabu wa Kisauni, nina pesa kidogo mfukoni, nanunua kahawa ya wote. Baada ya usiku wangu wa kituoni ndipo nilipokwenda kwao na mamangu, nikakaa, nikasema lililonipeleka. Alininyamazia kwa muda. Kisha akasema, "Nyinyi wanaume mkirudi mnaulizwa na polisi. Sisi tunaulizwa na kila mtu."

Sasa hivi huyo dada ndiye anayekaa na wenzake wanaorudi, kila Jumamosi baada ya Alasiri, kwenye ukumbi wa madrasa yetu. Mimi siruhusiwi kuingia, na ni sawa. Kazi yangu ni kupanga viti na kutafuta chai. Najua tu kwamba wanaanza kwa kuhesabu: mshahara ulioandikwa kwenye mkataba ni ngapi, uliolipwa ni ngapi, ajenti ni nani, karatasi ziko wapi. Wale wenye madai wanaandikiwa barua. Wale ambao watoto wao hawana vyeti vya kuzaliwa wanasindikizwa ofisini, hawaendi peke yao, manake ukienda peke yako mezani pale utafokewa na ukienda wanne utaambiwa keti. Kwa wanaume tumeanza cha kwetu Jumatano baada ya Isha. Wanakuja wachache. Mwanamume wa Pwani kusema "nimeshtuka" ni kazi kubwa kuliko kulinda mlango masaa 12.

Na hivi ndivyo tunavyofanya mtu wetu akirudi, mnaweza kufanya hata mitaani kwenu, haihitaji ofisi wala ufadhili. Mtu mmoja au wawili wasio wa familia wanakwenda naye wiki ya kwanza kushughulikia kitambulisho, na wanaweka nakala ya pasipoti yake na karatasi zake nyumbani kwa mtu anayeaminika. Nambari ya wakili inaandikwa kwenye karatasi, sio kwenye simu tu, kwa sababu simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Akishikwa, tunakwenda kituoni usiku ule ule, wengi, kwa adabu, na jambo la kwanza tunaomba ni jina lake liandikwe kwenye OB tupewe nambari. Likikataliwa tunaandika jina la aliyekataa na saa, na asubuhi malalamiko yanakwenda IPOA. Mwaka jana tulifanya hivi kwa kijana mmoja. Alitoka saa sita usiku, na afande wa zamu akatuomba tuwe tunampigia kabla ya kuja wote vile.

Na swali la "umekuja na nini" tumelipiga marufuku barazani kwetu. Anayeliuliza analipia kahawa. Mimi mwenyewe nimeshalipa mara mbili.

Jumapili hii kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu anatua, ametoka Jeddah. Mamake alinijia jana baada ya Maghrib kunialika niende nao uwanja wa ndege, gari lina nafasi. Ameshanunua mchele na nyama. Nikamwambia nakuja inshallah, na nikamuomba atafute nakala ya kitambulisho cha mwanawe, aje nayo. Akaniuliza ya nini, si mwanangu anarudi kwao tu. Nikamwambia, ndio mama, lakini njoo nayo.